Je, Wajua? Kidonda cha Emu, Soksi ya Mbuni na Usaha Usiotiririka

Je, wajua kwamba emu aliyechanwa na waya mpaka ngozi ya shingo ikaning'inia anaweza kupona kabisa, ilhali mwenzake asiye na hata mchubuko akafa siku chache baada ya kukimbizwa tu? Madaktari wanaowatibu ndege wakubwa wasioruka, yaani emu, mbuni, kasuari na rea, wanalijua hilo vizuri. Jeraha linalomtisha mwenye ndege mara nyingi silo linalomuua. Kinachoua ni pupa ya kumkamata.

Je, wajua emu huumizwa na nini zaidi nyumbani kwao Australia? Uzio ni miongoni mwa vyanzo vikuu. Emu akifika kwenye waya harudi alikotoka. Hutembea kando yake huku na huko, hupenyeza shingo, hujaribu kuvuka, na mguu ukinaswa kati ya nyuzi mbili za juu hurusha mateke mpaka nyuzi zijisokote. Akikutwa asubuhi, keshajichuna ngozi ya mguu mpaka mfupani. Magharibi mwa nchi hiyo kuna uzio ulioanza kujengwa mwaka 1901 ili kuzuia sungura. Mstari wake wa kwanza peke yake, uliokamilika mwaka 1907, ulizidi kilomita 1,800. Sungura walipita. Siku hizi sehemu zinazotunzwa huwazuia emu wanaotoka bara wakati wa ukame kuifuata ngano ya wakulima.

Na je, wajua kwamba serikali iliwahi kuwapelekea emu bunduki za rashasha? Ilikuwa Novemba 1932, wilaya ya Campion, Australia Magharibi. Meja G.P.W. Meredith alifika na askari wake, bunduki mbili aina ya Lewis na risasi 10,000. Emu walitawanyika kwa vikundi vidogo vidogo, na waliopigwa waliendelea kukimbia na risasi mwilini, maana manyoya mengi yaliyolegea huuficha mwili, mpigaji asijue nyama inaanzia wapi. Mwishoni Meredith aliripoti emu 986 waliouawa kwa risasi 9,860. Risasi kumi kamili kwa kila ndege! Mwenye duka akiletewa mahesabu yaliyonyooka hivyo ataomba yahesabiwe upya. Pamoja na hao, alidai kwamba wengine 2,500 walikufa baadaye kwa majeraha, ambao hakuna aliyewahesabu.

Je, wajua kwamba usaha wa ndege hautiririki? Hapa ndipo mganga wa ng'ombe na mbuzi anapokosea akiletewa mbuni. Kwa ng'ombe, jipu likiiva hupasuliwa, usaha ukatoka, kazi ikawa imekwisha nusu. Usaha wa wanyama wanyonyeshao huyeyuka kwa sababu chembe zao nyeupe za damu zina vimeng'enya vinavyoyeyusha mabaki ya vita ya mwili na vijidudu. Chembe za ndege zinazofanya kazi hiyo zina upungufu wa vimeng'enya hivyo, kwa hiyo mabaki hukauka yakawa donge gumu la manjano linalomenyeka tabaka kwa tabaka. Ukipasua uvimbe wa ndege ukangoja umajimaji utoke, utangoja sana. Donge hufukuliwa kwa kijiko cha upasuaji, pamoja na ganda lililolizunguka, kisha shimo lililobaki husafishwa na kuachwa lijazike lenyewe kutoka chini kuja juu. Sindano za antibayotiki peke yake hazifui dafu, kwa kuwa damu haifiki ndani ya donge, na dawa ambayo damu haikuifikisha haiwezi kufanya kazi.

Chembe nyekundu za damu za ndege nazo zina kiini, tofauti na zetu. Ndiyo maana mashine ya kupimia damu ya binadamu huvurugikiwa ikipewa damu ya emu, na mtaalamu hulazimika kuhesabu mwenyewe kwa hadubini.

Je, wajua maji ya kuoshea kidonda yanatengenezwaje? Gramu 9 za chumvi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mkondo mwembamba kutoka kwenye bomba la sindano huondoa mchanga na vipande vya majani vizuri kuliko kusugua kwa pamba. Iodini ya kahawia ya dukani huzimuliwa kwanza kwa maji mpaka ibaki na rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Ikimiminwa nzito huunguza nyama mpya. Ile dawa inayotoa povu jeupe, ambayo watu wengi huipenda kwa sababu huonekana inafanya kazi, huua hata chembe zinazojenga ngozi. Povu linafurahisha jicho tu.

Lakini kabla ya kuelekeza bomba kwenye tundu lolote, kumbuka kwamba mapafu ya ndege yameunganishwa na mifuko ya hewa iliyosambaa mwilini, na kwa mbuni hewa huingia hadi ndani ya mfupa wa paja. Tundu la kifuani, tumboni au kwenye paja lililovunjika laweza kuwa njia ya moja kwa moja kwenda kwenye pumzi yake. Ukimimina maji humo unamzamisha ndege akiwa nchi kavu. Kidonda cha namna hiyo hupanguswa kwa shashi iliyoloweshwa, na aghalabu huhitaji daktari.

Je, wajua kwamba shingo ya emu ina mlango wa siri? Kwenye ukuta wa mbele wa bomba lake la hewa, upande wa chini wa shingo, kuna ufa wenye urefu wa sentimita kadhaa unaofunguka kwenye mfuko mwembamba. Emu jike huujaza hewa akatoa mvumo mzito unaosikika mbali. Ni ala nzuri kwa jike, na ni tabu kwa daktari: akimlaza emu kwa nusukaputi na kumsukumia oksijeni kwa mrija, hewa hutorokea humo, shingo ikavimba na mapafu yasipate kitu. Dawa yake haihitaji gharama. Bandeji huzungushwa sehemu ya chini ya shingo kabla ya upasuaji ili kuufunga mfuko huo.

Je, wajua kwamba mafuta ya emu huuzwa duniani kote ya kupaka watu kwenye vidonda na maungo? Wenyeji wa asili wa Australia waliyatumia kwa kazi hiyo tangu zamani. Kinachochekesha ni kwamba emu mwenyewe akiumia, daktari huepuka kumpaka mafuta. Marhamu ya mafuta huyagandamanisha manyoya, hukusanya vumbi, na ndege hupoteza joto mahali palipopakwa. Jeli ya maji ndiyo hupakwa juu ya kidonda, tena kabla ya kushughulikia manyoya ya pembeni, ili vinyoya vinavyokatika visizame ndani ya nyama. Asali iliyosafishwa kwa matumizi ya tiba nayo hutumika, kwa sababu hufyonza maji kwenye uvimbe na kuwanyima bakteria mahali pa kuzaliana.

Unyoya mmoja wa emu una mashina mawili yanayotoka kwenye shimo moja la ngozi. Ndiyo maana kusafisha ukingo wa kidonda chake ni kazi ya subira.

Je, wajua kwa nini manyoya ya pembeni mwa kidonda cha ndege mara nyingi hung'olewa na si kukatwa? Uliong'olewa huanza kuota upya ndani ya wiki chache. Uliokatwa hubaki kigutu mpaka msimu wa kunyonyoka. Ila ung'oe kwa kufuata uelekeo wa unyoya, moja moja, mkono wa pili ukiikaza ngozi, kwani ngozi ya ndege huchanika upesi.

Wafugaji wa mbuni wa Afrika Kusini hufanya kinyume wakati wa kuvuna manyoya ya biashara. Hukata shina juu kidogo ya mahali damu ilipoishia, kisha kigutu kikishakauka ndipo hukitoa. Ukikata unyoya mbichi, mbuni hutoka damu. Mwaka 1913 manyoya yalikuwa bidhaa ya nne kwa thamani iliyosafirishwa nje kutoka nchi hiyo, baada ya dhahabu, almasi na sufu, kwa hiyo watu wa Oudtshoorn walijifunza mapema kutomwaga damu ovyo. Mwaka uliofuata soko lilianguka, na mitindo ya mavazi haikuwarudia tena kwa namna ile.

Je, wajua kwamba silaha kuu ya kumtibu mbuni ni soksi? Tazama fundi wa shamba anavyofanya. Huchukua soksi ndefu, au mkono wa sweta uliokatwa, akautoboa mwishoni, kisha akauvaa yeye kwenye mkono wake ukiwa umegeuzwa ndani nje, vidole vikatokeza. Mwenzake humvuta mbuni kwa fimbo ndefu yenye ndoano, inayoshika shingo chini kidogo ya kichwa. Kichwa kikishuka, fundi hukamata mdomo kwa vidole vile vilivyotokeza, na kwa mkono wa pili huivuta soksi kutoka mkononi mwake mpaka ifunike macho, matundu ya pua yakibaki nje. Mbuni husimama. Ndege wa kilo 100 na zaidi, aliyekuwa akitishia kumpasua mtu tumbo, sasa anaweza kusukumwa polepole kwa kiuno mpaka kwenye kona yenye mbao, akaoshwa kidonda amesimama.

Teke la mbuni huenda mbele na chini. Anayesimama mbele yake anajitakia. Ana vidole viwili tu kila mguu, na kile kikubwa kina ukucha mzito. Emu ana vitatu, naye hushikwa kutoka nyuma, mgongo wake ukiegemea kifua cha mshikaji, ili mateke yaishie hewani. Kasuari ni jambo lingine: ukucha wa kidole chake cha ndani hufikia sentimita 12, na mwaka 1926 kijana mmoja aliuawa na ndege huyo huko Queensland. Kasuari hakumbatiwi.

Na usimkalie mbuni kifuani hata kama amelala. Ndege hana kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kama chetu. Huvuta pumzi kwa kuinua na kushusha kifua chenyewe. Ukikibana, umemnyima hewa. Wanaume watano wenye nia njema wanaweza kumuua mbuni namna hiyo bila kujua wamefanya nini.

Je, wajua ugonjwa wa kukamatwa ni nini? Hapa ndipo penye roho ya mada hii. Mbuni au emu akikimbizwa kwa muda mrefu, akabanwa, akapigana na kamba, misuli ya mapaja hufanya kazi kupita uwezo wa damu kuilisha. Tindikali hujaa, nyuzi za misuli hufa, na mabaki yake huingia kwenye damu na kuzifikia figo. Siku hiyo ndege huonekana amechoka tu. Kesho yake anayumba. Keshokutwa amekaa chini na hainuki, miguu haimtii, uchafu wake umeingia rangi ya kahawia. Daktari atamwekea dripu, atampa vitamini E na seleniamu, na bado wengi hawaokoki. Kwa hiyo anayejua kazi hujiuliza kwanza kama kidonda hiki kinastahili kukamatiwa ndege. Mkwaruzo mdogo mgongoni, ulio mkavu na usio na nzi, huachwa na kutazamwa kwa mbali. Ikibidi kumkamata, hufanyika alfajiri kabla ya jua, kwa sababu ndege hawatoki jasho, hutweta tu. Na vifaa vyote huwa vimekwisha pangwa kabla mtu hajamgusa. Nikiulizwa mimi, kelele za watazamaji ni hatari kuliko bakteria, na anayetaka kusaidia aanze kwa kuwafukuza watu uwanjani.

Kuamka kutoka kwenye nusukaputi nako kuna balaa yake. Ndege huanza kurusha miguu kabla akili haijarudi, akajivunja upya. Chumba huwekwa giza, sakafu hutandikwa magodoro au majani, kichwa hufunikwa, na mtu hukaa ameishika shingo mpaka ndege asimame mwenyewe.

Je, wajua kwamba mguu uliovunjika kwa mbuni mzima karibu kila mara ni hukumu ya kifo? Mbwa atatembea kwa miguu mitatu. Ng'ombe anaweza kulala wiki kadhaa akihudumiwa. Ndege wa miguu miwili akipoteza mmoja hana pa kuegemea. Akilala kwa siku chache, misuli ya mguu mzima nayo huharibika kwa uzito wake mwenyewe. Vyuma na plasta vimejaribiwa, na kwa vifaranga na ndege wepesi hufaulu mara nyingine. Kwa mkubwa, daktari mwenye huruma humpumzisha mapema. Ngozi ina nafasi ya pili na ya tatu. Mguu hauna.

Je, wajua kwamba kidonda kingine huanzia ndani? Mbuni humeza mawe makusudi ili yamsaidie kusaga chakula kwenye firigisi, na macho yake huvutwa na kila kinachong'aa. Baada ya mafundi kutengeneza uzio, huokota vipande vya waya na misumari waliyoiacha, akavimeza. Tumbo huziba au hutobolewa. Upasuaji wa kulifungua tumbo la mbele umekuwa kazi ya kawaida kwa madaktari wa mbuni. Bandeji iliyolegea nayo humezwa, na mwenyewe au na jirani yake, kwa hiyo iliyofungwa leo hukaguliwa leo.

Jirani huyo ana shida nyingine: hudonoa. Doa jekundu kwenye mwili wa mwenzake humvuta, na kidonda cha shilingi huwa cha sahani kabla ya jua kuzama. Ndiyo sababu wafugaji hupendelea dawa za kupulizia zenye rangi ya buluu au zambarau, kama zile wanazopuliziwa ng'ombe wetu, maana huficha wekundu. Aliyeumia hutengwa, lakini pale anapoweza kuwaona wenzake, la sivyo atazunguka kando ya uzio usiku kucha, na tumekwisha ona uzio unafanya nini.

Nzi wakiwahi kutaga, mabuu hutolewa kwa kibano na kwa maji ya chumvi, yote, kisha kidonda hukaguliwa tena kesho yake.

Kwenye mashamba ya ngozi, kovu ni hasara hata ndege akipona. Ngozi ya mbuni huthaminiwa kwa vile vipele vya mashimo ya manyoya mgongoni, na mkwaruzo mmoja wa ukucha hushusha daraja lake. Baadhi ya wafugaji huwakata vifaranga ncha za vidole ili wasichunane, jambo ambalo watetezi wa wanyama hulipinga, na sidhani wamekosea: mbuni husimama kwa vidole hivyo.

Je, wajua kwamba dawa ya maumivu iliyo kwenye begi lako yaweza kumuua ndege? Diklofenaki, inayouzwa karibu kila duka la dawa, iliwapa ng'ombe wa India na Pakistan nafuu, kisha ikawaua tumbusi waliokula mizoga yao. Aina tatu za tumbusi zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95 kabla sababu haijagunduliwa mwaka 2004. India ilipiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006. Meloksikamu ni salama zaidi kwa ndege, ila mwili wa mbuni huiondoa haraka kuliko ndege wengine wengi waliopimwa, kwa hiyo kipimo cha kuku hakihamishiki. Hata chakula cha ng'ombe chenye monensini ni sumu kwa mbuni.

Na vaa glavu. Mwaka 1996 wafanyakazi wa machinjio ya mbuni huko Oudtshoorn waliugua homa ya Kongo-Krimea, inayoenezwa na kupe na kwa kugusa damu yenye virusi. Mbuni mwenyewe haonyeshi ugonjwa. Anayeosha kidonda cha mbuni mwenye kupe hajui ameshika nini.

Je, wajua nani huleta vifaranga wa kasuari hospitalini? Magari na mbwa. Mission Beach, Queensland, kasuari hugongwa barabarani, na dume ndiye anayelea. Baba akifa, watoto wenye mistari mgongoni hubaki peke yao msituni, na walio na bahati hupelekwa kituo cha Garners Beach, karibu na hapo.

Binamu yao mdogo, kiwi wa New Zealand, naye huuawa na mbwa. Mfupa wake wa kifua ni mdogo na hauna misuli mikubwa ya kuruka ya kuukinga, kwa hiyo mbwa akimbeba mdomoni kwa kucheza tu humponda. Mwaka 1987, katika msitu wa Waitangi, mbwa mmoja anakadiriwa kuua kiwi wapatao 500 kwa majuma machache. Wanaookolewa kutoka kwenye mitego hutibiwa katika hospitali ya Wildbase ya Chuo Kikuu cha Massey.

Kwetu, emu ni mgeni, lakini mbuni ni mwenyeji: wa Kimasai mwenye shingo ya waridi, na wa Kisomali mwenye shingo ya kijivu cha buluu, anayehesabiwa sasa kuwa spishi yake mwenyewe. Huko Nairobi, kituo cha kulea tembo yatima cha Sheldrick kiliwahi kulea mbuni wawili, Pea na Pod, waliokua wakizurura pamoja na tembo.

Ukimkuta mbuni wa porini amenaswa kwenye seng'enge au anachechemea kando ya barabara, zima pikipiki, funga mbwa, zuia watoto wasimzunguke, na uwapigie askari wa wanyamapori ukiwaeleza ni wapi na anatumia mguu upi. Usimfukuze ili umsaidie. Na usimpeleke nyumbani: Tanzania mbuni ni nyara ya serikali, na kumfuga au hata kumiliki yai lake kunahitaji kibali.